Kesi Imehamishiwa Kampala

JUMATATU, SAA NANE MCHANA

Khisa alichovya kidole kwenye chai, akachora mstari katikati ya meza.

"Huu ndio mtaro," alisema. "Kikombe hiki ni Kireka, wilaya ya Wakiso. Kile pale ni Banda, Kampala. Ukiiba huku, kituo cha huku kinafungua faili. Ukiiba kule, cha kule. Na ukiiba juu ya mtaro wenyewe?"

"Unalowa miguu," alisema Pitshou.

Khisa hakucheka. Alimtazama Pitshou mpaka naye akaacha kucheka.

"Ukiiba juu ya mtaro, kila kituo kinasema kazi ni ya mwenzake. Huyu anasema mpaka unapita hapa, yule anasema hapana, unapita pale. Wiki nzima wanasukumiana faili. Na hiyo wiki nzima nyinyi mko Goma mnakunywa bia. Polisi ana mpaka, jamaa zangu. Sisi hatuna."

Aliyasema hayo kwa raha. Alikuwa mtu wa Lwakhakha, pale Uganda inapopakana na Kenya, na tangu utotoni alikuwa amewaona askari wakifika darajani na kugeuka. Baadaye akawa karani wa korti, miaka mingi, hadi walipomfukuza. Humo alijifunza jinsi faili linavyotembea, linavyolala na linavyopotea. Ungemwona na shati lake la mikono mirefu na kalamu mfukoni, ungemwachia watoto wako akulindie. Mshenzi mkubwa, lakini uso wa mzee wa kanisa.

Walikuwa watatu tu. Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vitenge, pale Nakivubo, marobota yamepangwa hadi darini, na kelele za makondakta nje zilifika humo zikiwa zimechoka. Wa tatu alikuwa Heritier. Alikaa juu ya robota karibu na mlango, chai yake hajaigusa.

Heritier hakuwa jambazi. Alikuwa dereva wa Premio nyeupe ya kukodi, Mkongo wa Bukavu, na kilichomleta kwenye chumba kile ni dada yake.

Séraphine alikuwa na meza ya vitenge soko la Owino. Mwaka uliopita mteja mmoja alimwomba ampokelee kifurushi kwenye stendi ya mabasi. Akakipokea, maana mteja ni mteja. Kumbe kulikuwa na wapelelezi waliokuwa wamekifuata kifurushi kile kutoka mashariki, nje ya Kampala, na ndani mlikuwa na dhahabu. Mteja hakuonekana tena. Wapelelezi walimkamata Séraphine katikati ya Kampala, kisha badala ya kumpeleka kituo cha hapo wakambeba hadi kwao na kumshtaki kwenye korti ya kwao, utadhani wamemkuta uani mwao. Tangu siku hiyo yuko rumande. Kesi inatajwa, mashahidi hawaji, inaahirishwa. Inatajwa tena, mashahidi hawaji.

Ndipo Khisa alipojitokeza na kumpa Heritier wakili wa bure. Wakili Oketch, suti ya kijivu, sauti nzuri. Heritier alikaribia kupiga magoti. Wiki tatu zilizopita Oketch alisimama kortini na kusema kwamba mwanamke huyu alikamatiwa Kampala, basi kesi ni ya Kampala. Hakimu akakubali. Kesi ikahamishwa.

"Kesi ikihamishwa, kidhibiti kinaifuata," alisema Khisa. "Alhamisi dhahabu inatoka stoo ya kituo, inakuja mjini. Sasa ikipotea njiani, serikali itasema Séraphine alikamatwa na nini? Na hewa? Mheshimiwa atafunga faili. Dada yako anarudi kwenye meza yake."

"Una hakika?" aliuliza Heritier.

"Nimekaa kortini miaka kumi na minne, kijana. Nakuambia kitu ninachokijua."

Kazi ya Heritier ilikuwa kuendesha tu. Kituo kile hakikuwa na mafuta ya gari, na kila mtu anajua kituo kikikosa mafuta ni nani anayelipa: mwenye shida. Oketch alikuwa amejitolea kulipia gari la kukodi, na namba ya dereva akawapa yeye mwenyewe. Hakuna aliyeshtuka. Majina yao hayakufanana, kwa sababu kwa Wakongo kila mtoto hupewa lake, na karatasi zao ziliwafanya ndugu wa tumbo moja waonekane watu baki.

Mpango ulikuwa huu. Gari likifika kwenye daraja dogo la mtaro, Heritier azime injini, aseme imechemka. Pitshou atatokea na bastola. Khisa atakuwa kwenye boda. Watachukua mfuko, watamfunga Heritier mikono kwenye usukani, aonekane naye kaibiwa, wataondoka.

"Kwa nini tusifanye upande wa Kireka kabisa?" aliuliza Pitshou. "Shemeji yako si ndiye mkubwa wa upelelezi kule?"

"Kesi ikiangukia mikononi mwa shemeji yangu," alisema Khisa polepole, "itabidi apate mtu wa kumfunga haraka, watu wasianze kumwangalia yeye. Unataka mtu huyo awe wewe?"

Pitshou alimalizia chai yake.

Walipotoka, Pitshou alimshika Heritier bega. Walijuana tangu kambi ya wakimbizi ya Nakivale, walipokuwa wakilala chini ya blanketi moja na kuumwa malaria kwa zamu. Heritier alikuwa anamhesabu mtu huyo ndugu, tena bila kufikiri.

"Yaya Séra atatoka," alisema Pitshou; yaya kwao ni dada mkubwa. "Tutakula sombe yake tena."

Heritier aliamini. Alitaka sana kuamini.

ALHAMISI, SAA TATU ASUBUHI

Simu ya Khisa iliingia Heritier akiwa ameegesha nje ya kituo, injini inanguruma.

"Mahali pamebadilika. Usifike darajani. Simama pale wanapoosha magari, kabla ya mtaro."

"Pale ni Kireka bado."

"Najua ni wapi. Darajani kuna askari wa trafiki leo, upande wa Kampala. Unataka tumkaribishe?"

"Lakini ulisema juu ya mtaro, vituo visukumiane..."

"Heritier. Dada yako analala wapi leo?"

Heritier aliutazama mlango wa kituo.

"Basi simama nilipokuambia," alisema Khisa, akakata.

Mwanamke alitoka kituoni akiwa amevaa blauzi ya kawaida na viatu vya chini. Alikuwa na mfuko wa plastiki wa sokoni wenye mistari, ule wa kubebea viazi. Akauweka kiti cha nyuma, akaketi kando yake, akafunga mlango.

"Mimi Koplo Adong," alisema kwa Kiswahili chake cha kambi ya askari. "Wewe ndiyo dereva ya wakili?"

"Ndiyo, afande."

"Twende. Hapana kimbiza gari. Mgongo yangu ni mgonjwa."

"Uko peke yako, afande?"

"Nikiomba askari mbili na bunduki, barabara yote itajua nabeba nini. Kwa daftari imeandikwa chuma ya njano. Nani ataiba chuma?"

Akacheka kidogo. Heritier alitazama barabara. Alikuwa amejiandaa kumchukia mtu huyu, awe askari mnene mwenye matusi, na badala yake alikuwa ameletewa mama wa makamo anayelalamikia mgongo. Alimwambia kuna maji ya kunywa kwenye mlango. Mama akashukuru, akanywa.

SAA NNE KASORO ROBO

Walipokaribia Bweyogerere magari yalianza kusongamana. Malori ya mchanga mbele, malori ya mchanga nyuma. Adong alikuwa amechoka kunyamaza.

"Hii kesi ni ya ajabu," alisema. "Mimi polisi miaka kumi na nane, sijaona kama hii."

"Kesi gani?"

"Ya hii mzigo. Mwanamke moja, Mkongo kama wewe. Kesi yake ilikuwa imekufa. Mashahidi hapana kuja, mara moja, mara mbili, mara ngapi. Siku ile hakimu akasema, nimechoka, leo nafunga, huyu mama aende nyumbani kwake. Kalamu iko kwa mkono. Mimi nilikuwa ndani, nimesimama kwa mlango. Hata mimi nilifurahi, bambi, maskini. Mwanamke alikuwa amekonda."

Heritier alishika usukani.

"Halafu?"

"Halafu wakili anasimama. Anasema, mheshimiwa ngoja, hii korti haina mamlaka, makosa ilitokea Kampala, tunaomba uhamishe."

"Wakili wa serikali."

"Hapana. Wakili yake. Yake mwenyewe." Adong alitikisa kichwa. "Mtu anafunguliwa mlango, wakili yake anaufunga. Yule mwanamke akamvuta koti. Akaanza kulia. Hakimu akaandika: kesi ihamishiwe Kampala. Sasa inaanza upya kabisa. Anaweza kukaa ndani miaka mingine miwili."

Lori la mbele lilisogea. Heritier hakusogea. Nyuma wakapiga honi.

"Dereva, endesha."

Aliendesha.

"Na huo mzigo," alisema, "ukipotea kabla ya kufika, kesi si inakufa?"

Kwenye kioo aliyaona macho ya Adong yakimwangalia sasa vizuri.

"Nani alikwambia hivyo? Ilipimwa. Ilipigwa picha. Mtaalamu ya Entebbe aliandika ripoti yake na kuweka sahihi. Hata ianguke ziwani, kesi iko palepale. Itaongezwa tu ingine ya wizi. Kwa nini unauliza?"

Siku ile ya kesi Heritier hakuwa kortini. Oketch alimwambia asijisumbue, ni kutajwa tu. Na siku chache kabla yake Khisa alimuuliza, hivihivi, wakinywa soda: kijana, si ungependa tukusogezee dada yako mjini, uwe unamwona gereza la Luzira kila Jumapili badala ya kupoteza mafuta kwenda huko nje? Naye alisema ndiyo. Alisema ndiyo, tena akashukuru kwa mikono miwili.

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Wamemchukua Séraphine mlangoni, mguu mmoja uko nje, wamemrudisha ndani ili dhahabu itoke stoo. Na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuisafirisha. Sasa na mahali napo pamehama. Haitakuwa tena juu ya mtaro, ambapo faili lingesukumwa huku na huku. Itakuwa Kireka, kwa shemeji, ambaye lazima apate mtu wa kumfunga haraka. Dereva aliyefungwa kwenye usukani, ndugu wa mshtakiwa. Ungemtafuta mtu bora zaidi ya huyo usingempata. Na wakishamfunga yeye, Séraphine ndiye atakayesemwa aliagiza wizi akiwa rumande.

"Afande," alisema. "Huyo mwanamke ni dada yangu."

Alisikia zipu ya pochi. Kisha kitu cha baridi kikagusa shingo yake.

"Simamisha gari."

"Nikisimama upande huu tumekwisha wote wawili. Mbele, pale wanapoosha magari, kuna watu wawili wanakungoja. Mmoja ana bastola. Mkubwa wa upelelezi wa hapa ni shemeji yao."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa mwenzao. Hadi dakika tano zilizopita."

Adong alipumua kwa nguvu.

"Ukinidanganya nakuua," alisema.

"Niue tukishavuka mtaro."

SAA NNE

Walikuwa pale. Pitshou alikuwa amevaa ovaroli ya bluu, ndoo mkononi, anajifanya anaosha gurudumu la gari la watu. Khisa alikuwa juu ya boda chini ya mwavuli wa muuza maji, kofia ya plastiki kichwani, shati la mikono mirefu. Pitshou alinyanyua kichwa, akatabasamu, akaweka ndoo chini.

Heritier alikanyaga mafuta.

Premio iliruka tuta, ikapita. Kwenye kioo aliliona tabasamu la Pitshou likifutika. Mita mia mbili mbele yao palikuwa na daraja, na ng'ambo ya daraja askari wa trafiki aliyevaa meupe alikuwa ameinua mkono kuzuia magari. Khisa hakumdanganya kwa hilo. Foleni ilijaa hadi darajani. Heritier alipenya, akakwaruza kioo cha teksi, akatukanwa kwa Kiganda, akapenya tena. Magurudumu ya mbele yalipanda daraja, na hapo likakwama nyuma ya lori la mchanga.

"Toka na mfuko, kimbia," alisema.

"Na mgongo huu?"

Boda ilifika kabla hajamjibu. Pitshou aliruka, akaja dirishani, bastola imefichwa ndani ya kitambaa cha kuoshea.

"Mbona hukusimama?"

"Pitshou, sikiliza. Khisa ametuuza. Hakimu alikuwa anamwachilia yaya Séra. Alikuwa anamwachilia, unasikia? Oketch ndiye alizuia, ili dhahabu itoke."

Pitshou alimtazama. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na hapo ndipo Heritier alipoelewa.

"Ile minajua," alisema Pitshou. "Tangu mwanzo minajua. Fungua mlango, ndugu."

Hicho ndicho kilichouua moyo wa Heritier siku ile, kuliko risasi yoyote. Khisa alikuwa mgeni kwake. Huyu alikula sahani moja naye, aliuguzwa na Séraphine kambini, alipakwa maji kichwani na mikono ya Séraphine usiku ule homa ilipokataa kushuka.

Adong alisogeza bastola yake. Pitshou aliona, akawahi kufyatua. Kioo cha nyuma kilivunjika, mama akaangukia upande, na akiwa ameanguka hivyo akafyatua mara mbili kupitia mlango. Pitshou alikaa chini barabarani, ameshika paja, kama mtu aliyechoka ghafla. Watu waliacha magari na kukimbia. Khisa alifungua mlango wa upande wa pili kwa utulivu kabisa, akautoa mfuko wa viazi, akautia kifuani na kupanda boda.

"Khisa," aliita Pitshou. "Khisa, ningoje."

Khisa hakugeuka. Aligeuza boda kuelekea Kireka, akapotea kati ya malori.

Heritier angeweza kukimbia. Mlango ulikuwa wazi, barabara imejaa watu wanaokimbia, mmoja zaidi asingeonekana. Alitoa mguu mmoja nje. Kisha akamtazama Adong, blauzi yake inazidi kuwa nyekundu begani, macho yake wazi. Huyu peke yake alikuwa amesimama mlangoni mwa korti siku ile. Huyu peke yake alijua kilichotokea. Akifa hapa, hakuna mtu atakayesimama kusema kwamba Séraphine alikuwa anaachiliwa.

Alimtoa, akambeba mgongoni. Mama alikuwa mzito. Alivuka daraja akipepesuka, na nyuma yake akasikia king'ora.

Pikapu ya polisi ilikuwa inakuja kutoka upande wa Kireka. Hata damu haijaanza kukauka. Polisi gani anafika upesi namna ile? Mtu wa koti jeusi, bila shaka yule shemeji, aliruka chini hata gari halijasimama.

"Mrudishe huyo hapa," alipaza sauti. "Huyo ndiye dereva wao. Ni wangu."

Heritier alipiga hatua ya mwisho, akapiga magoti kwenye lami upande wa Banda, mbele ya viatu vya askari wa trafiki.

"Nikamate," alimwambia. "Nikamate wewe. Hapa."

Trafiki alikuwa kijana, jasho linamtoka. Alimtazama mtu wa koti, akaitazama damu.

"Afande, huyu yuko upande wangu," alisema.

"Tukio ni langu. Gari liko kwangu."

"Magurudumu ya mbele yako kwangu, afande."

"Wewe ni trafiki. Unajua nini kuhusu upelelezi?"

Wakabishana. Wallahi walibishana, mama anavuja damu kati yao, mmoja anaonyesha mtaro kwa kidole, mwingine anaonyesha gari, mtu wa koti anavuta mkono wa Heritier kuelekea Wakiso na trafiki ameushika wa pili. Heritier alijua akivutwa hatua tatu nyuma hataiona korti yoyote.

Adong alifungua macho.

"Mimi ndiyo nimepigwa," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini cheo ni cheo na risasi ni risasi, wote wakanyamaza. "Mimi ndiyo mlalamikaji. Nimepigwa nikiwa Kampala. Andika hivyo. Huyu anaenda kituo ya Kampala, na mimi hospitali."

Haikuwa kweli kabisa. Kiti cha nyuma kilikuwa bado Wakiso. Lakini trafiki aliandika, na mtu wa koti akauachia mkono.

WIKI TATU BAADAYE, ASUBUHI

Seli ya chini ya korti ilinuka mkojo na dawa ya kusafishia sakafu. Heritier alishushwa humo akiwa na pingu, maana naye sasa alikuwa na kesi yake, wizi wa kutumia silaha, na kesi kubwa namna hiyo haina dhamana ya harakaharaka. Pitshou alikuwa hospitali ya gereza, amekwishasema kwamba mpango wote ulikuwa wa Heritier. Wakili Oketch hakuwa akipokea simu. Khisa hakuna aliyejua alipo, wala dhahabu.

Upande wa wanawake ulitenganishwa na nondo. Séraphine alikuwa amekaa sakafuni, amefunga kitambaa kichwani, na kwa kweli alikuwa amekonda. Heritier alishika nondo.

"Yaya."

Alinyanyua macho. Hakusimama.

"Wamekuleta Kampala," alisema Heritier, upumbavu tu, kwa sababu hakujua aanzie wapi.

"Wamenileta."

"Yaya, minajua kilichotokea. Siku ile. Oketch..."

"Nilimvuta koti," alisema Séraphine. "Nilimwambia, tata, baba yangu, hakimu anasema niende, kwa nini unamzuia? Unajua alinijibu nini? Alisema: kaka yako ndiye aliyetaka kesi ihamishwe. Nikasema ni uongo. Heritier hawezi. Akaniambia: muulize mwenyewe. Nimekaa na neno hilo wiki sita, mudogo wangu. Sasa nakuuliza. Ni kweli?"

Heritier alitafuta maneno. Alikuwa nayo mengi. Kwamba alidanganywa, kwamba alidhani anamsogeza karibu, kwamba alimbeba mama wa watu mgongoni kwa ajili yake. Yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu la swali lake.

"Ni kweli," alisema. "Nilisema ndiyo."

Séraphine alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea bei asiyoweza kuilipa. Askari wa magereza aliita jina lake. Alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akapanda ngazi bila kugeuka.

Heritier alibaki ameshika nondo. Juu aliwasikia watu wakiketi, wakisimama, sauti ya hakimu ikipanda na kushuka bila neno linaloeleweka. Haikuchukua muda. Alingoja miguu ya Séraphine kwenye ngazi. Ilishuka miguu mingine, ya wanaume, ya mwanamke mmoja mzee. Yake haikushuka.

Alimwita askari.

"Afande, yule Mkongo. Séraphine. Yuko wapi?"

"Ameenda," alisema askari. "Serikali imeondoa mashtaka. Kuna koplo mama mmoja ameandika maelezo kutoka hospitali, amesema kesi ile haikuwa na shahidi hata siku moja na hakimu wa kwanza alishataka kuifunga. Ametoka kwa mlango wa mbele."

Heritier alikaa sakafuni, akafunika uso kwa mikono yenye pingu, akalia kwa furaha hata hakuona aibu. Askari alimngoja amalize.

"Ameniulizia?" alisema mwishowe. "Ameacha neno?"

Askari alifikiria, maana alikuwa mtu mwema na alitaka kukumbuka vizuri.

"Hapana," alisema. "Niliwaambia wanaotaka kuwaaga watu wao washuke, kuna dakika chache. Alisema hana mtu huku chini."